Mosi-oa-Tunya: Chagua Mwezi Kwanza, Tiketi Baadaye

Mtu akikuambia ameshafika Mosi-oa-Tunya, maporomoko ambayo ramani nyingi huyaita Victoria, muulize alikwenda mwezi gani. Aliyekwenda Aprili atakusimulia alivyoloa chapachapa na ngurumo aliyoisikia mpaka kifuani, lakini ukimbana atakiri kwamba maji yenyewe hakuyaona sawasawa, maana manyunyu yalifunga kila kitu. Aliyekwenda mwanzoni mwa Novemba na kusimama upande wa Zambia atakuonyesha kwenye simu picha za genge jeusi, kavu, lenye vimichirizi viwili vitatu, na pengine atasema hela yake ilikwenda bure. Wote wawili wanasema kweli. Ndiyo maana hapa tunaanza na kalenda, nauli itafuata.

Mto Zambezi unapofika pale, kwenye mpaka wa Zambia na Zimbabwe, umetanuka hadi upana wa kama mita 1,700. Unakwenda taratibu juu ya uwanda wa miamba, visiwa vimetapakaa katikati, viboko wanakoroma pembeni. Halafu ardhi inakatika. Kuna ufa uliopasua mwamba na kuukingama mto mzima, na maji yote yanaingia humo, sehemu nyingine yakishuka zaidi ya mita 100. Yakishafika chini hayana pa kutokea isipokuwa mlango mmoja mwembamba, kisha yanaendelea na safari ndani ya makorongo yanayopinda huku na huku. Hayo makorongo ya nyuma ndiko maporomoko yalikokuwa zamani, kabla maji hayajaula mwamba na kuyasogeza pale yalipo leo.

Umbo hili lina faida kubwa kwa mgeni. Ukuta wa pili wa ufa, unaotazamana na maji, ni nchi kavu yenye msitu na vijia vya kutembea. Unasimama usawa mmoja na mdomo wa maporomoko, uso kwa uso, na mahali pembamba kati yako na maji hapafiki mita 100. Si maporomoko mengi duniani yanayokupa nafasi hiyo. Shida ni kwamba maji yakipiga chini, upepo wake hauna pa kwenda ila juu, na unakuja nayo mpaka pale uliposimama na kamera yako.

Mwezi gani?

Mvua za eneo lile hunyesha Novemba hadi Machi, kwa hiyo mgeni hudhani mto utafurika Januari. Haufuriki. Maji makubwa ya Zambezi hutoka kaskazini-magharibi mwa Zambia na nchini Angola, na njiani hutandaa kwenye mbuga za Barotse, nchi ya Walozi, kabla ya kuendelea kusini. Yanapofika kwenye maporomoko, katika mji jirani wa Livingstone mvua imekwisha na mbingu ni buluu tupu. Kwa wastani, Aprili mto humwaga kama mita za ujazo 3,000 kila sekunde. Novemba hubaki kama 300. Tofauti ya mara kumi, mto uleule.

Machi mpaka Mei ni msimu wa wanaotaka nguvu. Moshi wa manyunyu huonekana ukiwa bado kilomita nyingi barabarani, na ukikaribia unanyeshewa mvua isiyo na wingu. Mwenye kutaka picha ya ukuta mzima wa maji asiende wakati huu, labda apande helikopta. Mwenye kutaka kushtuka, aende.

Juni mpaka katikati ya Agosti ndio wakati ambao mimi ningempangia ndugu yangu. Maji bado ni mengi, manyunyu yamepungua kiasi cha kukuruhusu kuona, hakuna matope, mbu wamepungua, na kwa Tanzania unaangukia likizo ya shule ya Juni. Ila usidanganywe na neno Afrika: usiku wa Juni na Julai kule joto hushuka hata chini ya nyuzi 10. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anayepanda gari alfajiri bila sweta atajuta mpaka saa nne.

Septemba mpaka Novemba maji yanapungua siku hadi siku na jua linawaka kwelikweli, hasa Oktoba. Upande wa Zambia sehemu kubwa ya ukuta hukauka. Upande wa Zimbabwe mto una kina zaidi na maji hayakatiki mwaka mzima. Wakati huu una wapenzi wake: mwamba unaonekana wazi, korongo unaliona hadi chini, na ndio msimu wa kushuka mto kwa boti za mpira na wa kwenda kwenye kidimbwi kile maarufu cha ukingoni nitakachokitaja mbele. Desemba hadi Februari mto unaanza kujaa tena, nchi ni ya kijani, wageni wachache, mbu wengi.

Kama una uhuru wa kuchagua hata tarehe, angalia mwezi mpevu. Siku za mbalamwezi hifadhi hufunguliwa usiku, na manyunyu yakipigwa na mwanga wa mwezi hutokeza upinde wa mvua wa rangi hafifu, kama wa maziwa. Unahitaji maji mengi na anga safi, kwa hiyo mwezi mpevu wa Mei na wa Juni ndio mzuri zaidi. Kiingilio cha usiku ni tofauti na cha mchana. Ulizia siku moja kabla.

Njia ya kwenda

Kwa mwenye hela na haraka, kuna ndege kutoka Dar es Salaam hadi Lusaka, na kutoka Nairobi kuna za kwenda moja kwa moja kwenye maporomoko, ama uwanja wa Livingstone ama ule wa Victoria Falls. Hayo hayahitaji mwongozo.

Njia ya nchi kavu ndiyo yenye utamu, na kwa msafiri wa Tanzania ina maana yake. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975 kwa sababu shaba ya Zambia ilikuwa ikitoka nje kwa reli ya kusini, ile inayovuka Zambezi kwenye daraja lililo mbele ya maporomoko haya haya na kuingia Rhodesia ya walowezi. Nyerere na Kaunda walitaka mlango mwingine. Ukipanda treni Dar ukaishia kwenye daraja lile, umesafiri kutoka mlango mpya hadi mlango wa zamani.

Hata hivyo sitakuficha: treni ya abiria ya TAZARA kwa miaka ya karibuni imekuwa na ratiba ya kusuasua, mara ipo, mara imesimamishwa, na reli yenyewe iko kwenye mipango ya ukarabati mkubwa. Nenda stesheni au piga simu kabla hujaomba likizo kazini. Ikiwa inakwenda, tenga siku mbili na uongeze ya tatu ya akiba. Chukua daraja la kwanza au la pili ulale kitandani. Vyumba hugawanywa wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, isipokuwa familia ikinunua chumba kizima. Beba maji, matunda, shuka lako na karatasi ya chooni. Kapiri Mposhi hakuna cha kumweka mgeni. Mabasi ya Lusaka huwa yanaisubiri treni, na safari ni kama saa tatu.

Kwa basi, wapo wanaotoka Dar moja kwa moja hadi Lusaka. Ni safari ya kuchosha na mimi ningeikata vipande: Dar hadi Mbeya, ulale, uoge, ule vizuri, kesho yake kosta hadi mpakani Tunduma, uvuke asubuhi, upande basi la Lusaka upande wa Nakonde. Kutoka Nakonde hadi Lusaka ni kama kilomita 1,000, kupitia Mpika, Serenje na Kapiri. Usipange kufika Lusaka na kuunganisha siku hiyohiyo. Kutoka Lusaka hadi Livingstone ni kilomita 480 hivi, saa sita au saba, barabara ikipita Mazabuka, Monze na Choma, nchi ya Watonga, wafugaji wa ng'ombe. Mabasi mazuri huondoka alfajiri.

Ndugu zetu wa Lubumbashi wana njia fupi kuliko sisi wote: Kasumbalesa, Ndola, Kapiri, Lusaka, kwisha.

Mpakani

Watanzania na Wakenya huingia Zambia na Zimbabwe bila viza, ila mambo haya hubadilika, kwa hiyo hakikisha ubalozini. Ukiwa na pasipoti ya Ulaya au Marekani, uliza kuhusu viza ya KAZA; kwa dola 50 inakupa siku 30 za kuingia na kutoka nchi hizi mbili, na hata kuchungulia Botswana kwa siku moja kupitia Kazungula. Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, iwe ndani ya pasipoti. Hata kama kwenda hawakuiuliza, kurudi wanaweza kuiuliza.

Tunduma na Nakonde ni mji mmoja uliokatwa na mstari. Kiswahili kinapita pande zote mbili, na ndicho pia wanachokitumia wale vijana watakaokuzunguka na mabunda ya kwacha mkononi. Badilisha kiasi kidogo tu cha kukufikisha Lusaka, ukiwa umekaa ndani, unahesabu mwenyewe noti moja moja, na ukishahesabu usimrudishie tena "arekebishe kidogo". Mchezo wote huwa hapo kwenye kurekebisha. Halafu rudisha saa nyuma: Zambia na Zimbabwe ziko nyuma yetu kwa saa moja, na basi la saa kumi na mbili asubuhi kwao ni saa moja ya nyumbani. Wakati wa kwenda, ukisahau kuirudisha hutadhurika, unawahi tu.

Dola uwe nazo, safi, zisizochanika wala kuandikwa, na nyingi ziwe noti ndogondogo. Zimbabwe ina fedha yake mpya, ZiG, tangu Aprili 2024, lakini mgeni kwa kawaida hulipa kwa dola, na chenji ndiyo huwa kitendawili. Ukitoa noti ya 50 kununua maji, utapewa pole.

Zambia au Zimbabwe?

Mabishano haya hayaishi, na kila mwenye nyumba ya wageni atavutia upande wake. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya ukuta wa maji hutazamwa ukiwa Zimbabwe, kama robo tatu. Kijia kinaanza karibu na sanamu ya Livingstone, magharibi kabisa, mahali maji yanapopita kwa kasi kubwa kuliko kote. Mwamba hapo umeshachimbika chini kuliko sehemu nyingine, na wataalamu wa miamba wanaona ndipo maporomoko ya zama zijazo yatakapoanzia. Kutoka hapo unakwenda mashariki kituo baada ya kituo, ndani ya msitu mnene unaoishi kwa manyunyu, mikuyu na mikindu, wakati nje kidogo tu ya eneo hilo nchi ni kavu yenye vichaka. Mwisho wa kijia kuna ncha ya mwamba isiyo na uzio. Miamba yake inateleza muda wote. Mwenye mtoto amshike mkono tangu kabla ya kufika, si akishafika.

Zambia unapata kidogo lakini unakipata kwa karibu. Kuna kidaraja chembamba cha watembea kwa miguu kinachokatiza kutoka ukingo hadi kwenye kisehemu cha mwamba kilichosimama peke yake, korongo pande zote mbili. Mwezi wa Mei kukivuka ni kama kusimama chini ya bomba la zimamoto: maji yanatoka juu, yanatoka ubavuni, mengine yanapanda kutoka chini ya miguu, na mtu aliye hatua tano mbele yako anapotea kabisa kisha anatokea tena akicheka, kinywa wazi, sauti haisikiki. Makoti ya mvua hukodishwa langoni. Yachukue, lakini usitarajie miujiza; yanazuia baridi zaidi kuliko maji. Kinachofaa zaidi ni viatu vyenye kushika, raba au sandali zenye kamba. Ndala ziache hotelini. Simu, pasipoti na hela vifungwe kwenye mfuko wa plastiki unaofungika mdomo, kisha mfuko huo uingie kwenye mwingine.

Upande huohuo wa Zambia kuna njia ya kushuka hadi chini kabisa, mahali maji yote yanapokutana na kuzunguka kama yanachemka. Ni ngazi za mawe ndani ya msitu wa minazi-mwitu, na sehemu moja unaruka vijito juu ya mawe. Kushuka ni rahisi. Kupanda kunahitaji mapafu na maji ya kunywa. Mto ukijaa sana njia hii hufungwa. Nadhani ni matembezi bora kuliko yote pale, na hayana malipo ya ziada zaidi ya kiingilio. Bado wageni wengi hawayajui kwa sababu hakuna anayeyauzia tiketi.

Viingilio havilingani. Zimbabwe ni ghali kuliko Zambia, na ina bei tatu: ya raia, ya watu wa nchi za SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, na ya wageni wengine. Mtanzania na Mkongo wamo kwenye SADC, Mkenya hayumo. Usisimame dirishani kimya ukasubiri ukisiwe: toa pasipoti, taja SADC. Ukiwa na siku mbili, nenda pande zote mbili. Ukiwa na siku moja na ni Oktoba au Novemba, Zimbabwe bila mjadala. Ukiwa na siku moja na ni Mei au Juni, na mfuko umebana, Zambia itakutosha.

Kuhusu upinde wa mvua wa mchana, kanuni ni moja: jua liwe mgongoni. Asubuhi utazame magharibi, alasiri utazame mashariki. Saa sita mchana kaa kivulini ule.

Nyani, tembo na wauza vinyago

Nyani wa langoni wanajua kuliko mgeni yeyote kilichomo kwenye mfuko wa rambo. Dume mmoja hukaa juu ya ukuta wa maegesho, mikono magotini, kama mzee anayesubiri basi, wala hakutazami. Wewe ukifungua mfuko, ile sauti ya plastiki tu, tayari ameshashuka. Hakimbii, anakuja anatembea, anashika mfuko na kuuvuta kama wake. Mwachie. Nyani mkubwa ana meno ambayo hutaki kuyajua, na ndizi tatu hazilingani na safari ya hospitali. Chakula kikae ndani ya begi lenye zipu, na usile ukitembea.

Mji wa Livingstone uko kama kilomita 10 kutoka kwenye maporomoko, na barabara inapita kwenye hifadhi. Tembo huivuka kwenda mtoni, hasa jioni. Mchana chukua teksi ya kuchangia. Jioni usitembee kwa miguu wala baiskeli, hata wenyeji wakikuambia leo hawapo. Mji wa Victoria Falls, upande wa Zimbabwe, uko karibu zaidi, unatembea kwa miguu hadi langoni, ila ngiri hupita mitaani na usiku tembo nao huingia. Juu ya maporomoko mto una mamba na viboko, kwa hiyo kuogelea pembezoni ni mwiko.

Wauza vinyago wa pande zote wana maneno matamu. Zimbabwe watakuuzia pia noti za zamani za dola trilioni mia moja, za mwaka 2009 wakati mfumuko wa bei ulipozimaliza. Ni ukumbusho mzuri wa wakati ambao mshahara ulikuwa karatasi. Bei yake patana. Salimia kwanza: kwa Kitonga asubuhi ni "mwabuka buti", na "muli bwanji" ya Kinyanja inaeleweka sehemu nyingi za Zambia. Bei hushuka kwa salamu kuliko kwa ubishi.

Darajani

Daraja la chuma lililopo mbele ya maporomoko lilifunguliwa 1905. Lina urefu wa mita 198 na liko mita 128 juu ya maji. Cecil Rhodes ndiye aliyetaka lipite karibu kiasi cha manyunyu kuangukia mabehewa. Alikufa 1902 bila kuyaona maporomoko wala daraja. Agosti 1975 behewa moja lilisimamishwa katikati yake, juu ya mstari wa mpaka, Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, na wenzake wakakaa upande wao na viongozi wa ukombozi upande wa Zambia, Kaunda na Vorster wa Afrika Kusini wakiwa wasuluhishi. Mazungumzo yalivunjika siku ileile.

Leo linapitwa na treni, malori, baiskeli zilizopakiwa mizigo mpaka dereva haonekani, na watalii wanaoruka na kamba miguuni, mita 111 kwenda chini. Tarehe 31 Desemba 2011 kamba ilimkatikia msichana mmoja mtalii, akaangukia mtoni, akaogelea na miguu imefungwa, akapona. Nakuachia uamuzi. Kutembea darajani tu hakuhitaji kuingia nchi ya pili: uhamiaji wa Zambia hukupa kikaratasi cha kwenda darajani na kurudi, unaonyesha pasipoti, basi.

Kile kidimbwi cha ukingoni kiko kwenye kisiwa cha Livingstone, upande wa Zambia, na huogelewa maji yakiwa yamepungua, kwa kawaida kuanzia Agosti au Septemba hadi karibu na mwisho wa mwaka. Unapelekwa kwa boti, una kiongozi wako, na kizingiti cha mwamba ndicho kinachokuzuia usiende na maji. Bei yake ni laki kadhaa za shilingi za Tanzania. Sijaona sababu ya mtu wa kipato cha kawaida kuitoa hela hiyo, wakati kwa hela ileile analala siku mbili zaidi na kuona pande zote.

Kisiwa hicho ndicho alichofikishwa David Livingstone tarehe 16 Novemba 1855, kwa mitumbwi ya wenyeji waliokuwa wakiyajua maporomoko vizazi na vizazi. Ni Livingstone huyuhuyu wa Ujiji, ambaye alipokufa mwili wake ulibebwa na watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kutoka kijiji cha Chitambo hadi Bagamoyo. Makumbusho ya mji wa Livingstone, yaliyoanza 1934, yana vitu vyake, lakini nakushauri upite haraka kwenye koti lake na ukae kwenye vyumba vingine, vya zana za mawe na vya maisha ya vijijini. Ukiwa na nusu siku, nenda kijiji cha Mukuni, cha Waleya, ambao kwao maporomoko ni mahali pa ibada kabla hayajawa mahali pa picha. Fika kwa mwongoza wageni wa kijiji, vaa kwa heshima, na uliza kabla ya kupiga picha.

Kula na kurudi

Chakula hakitakupa shida. Nshima ni ugali, sadza ya Zimbabwe ni ugali, na mboga za majani zilizoungwa karanga utazikuta kila mgahawa. Agiza kapenta. Ni dagaa wa Ziwa Kariba, bwawa lililo chini zaidi kwenye mto huuhuu, nao hawakuwa wa pale. Walichukuliwa Ziwa Tanganyika na kupandikizwa Kariba mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtu wa Kigoma atakuwa anakula mtani wake aliyehamia.

Tiketi ya kurudi Lusaka ikate siku moja kabla, kwenye dirisha la kampuni yenyewe, ukipita kando ya wapiga debe. Ukifika Lusaka lala. Basi la Nakonde ni la alfajiri. Ukivuka Tunduma, peleka saa mbele, maana sasa kosa la saa linakuumiza: basi la Dar la saa kumi na moja alfajiri litakuwa limeshaondoka wakati simu yako bado inasema saa kumi.